Bado Mmoja

Kama ulikulia Likoni miaka ile ambayo redio moja ilisikilizwa na nyumba sita, hutashangaa nikisema nilikuwa na mama wawili. Wa kwanza alinizaa. Wa pili alininyonyesha, na tulikaa naye nyumba moja pale Bofu. Wote wawili sasa wametangulia. Huyu wa pili amefariki mwaka huu, na mimi mwanawe sikumzika. Sikuwa mgonjwa, sikuwa ng'ambo, wala hakuna aliyenificha habari. Nilikuwa Machakos, mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Watu wawili watatu niliocheza nao zamani wameniuliza ilikuwaje, na kila nikianza kueleza kwa mdomo nashindwa, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Wazazi wangu ni Wakamba. Baba alipata kazi bandarini, akahamia pwani na mkewe, wakapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, jiko na bafu uani. Nilipokuwa na wiki tatu mama alishikwa na homa kali akalazwa, akakaa hospitali karibu miezi miwili. Baba hakujua afanye nini na kitoto kinacholia kutwa. Nyumba hiyo ilikuwa ya mzee mmoja ambaye binti yake watu walimwita Mama Riziki, kwa kuwa naye alikuwa na mtoto mchanga, Riziki, aliyenizidi siku kumi na moja. Mama Riziki hakuombwa. Alikuja akanichukua mikononi mwa baba, akaketi, akaniweka upande wa kushoto, Riziki akawa kulia. Baba alikuwa akisimulia kwamba aligeuka akatazama ukuta mpaka alipoambiwa tayari.

Kwa Waislamu wa pwani jambo hilo si msaada wa siku mbili tatu ukaisha. Mtoto uliyemnyonyesha ni wako. Riziki akawa dada yangu hasa, wala hakuna hata aliyetutania kwamba tutaoana, na mama yake hakulazimika kujifunika mbele yangu. Tulipofika miaka kumi na mbili, wavulana wenzangu wakawa hawaingii tena vyumba vya watu. Walipiga hodi wakangoja nje. Mimi nilipita moja kwa moja. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho hakupendezwa, akamuuliza Mama Riziki mtoto wa bara, tena Mkristo, anaingiaje ndani namna ile. Mama Riziki alikuwa akipepeta mchele, na hakuinua kichwa.

"Huyo kanyonya hapa," alimwambia. "Dini ni yake na Mola wake. Maziwa ni yangu."

Basi nikawa na mama huku na mama kule, na viboko pia vikawa vya pande mbili. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya iliki, kwa sababu Mama Riziki alikaanga mahamri kabla hakujapambazuka vizuri, na mbaazi za nazi zikawa zimeshachemka. Mimi na Riziki tuligombea kukuna nazi. Kazi ya kike, wavulana walinicheka, lakini anayekaa juu ya mbuzi ndiye anayekula vipande vya mwisho visivyokunika, nami niliona bora nichekwe nikitafuna. Mchana tulikula sinia moja, watoto sita au saba, na ukinyoosha mkono kuelekea nyama ya mbele ya mwenzio unapigwa mwiko wa vidole. Kula upande wako, Mama Riziki alikuwa akisema, kwako hakujaisha. Watoto wangu mimi kila mmoja ana sahani yake na kiti chake, na bado wanagombana nani kapewa kikubwa.

Jioni ilikuwa ya michezo. Tulicheza bano, gololi za kioo, magoti yakawa meupe kwa vumbi. Wasichana waliruka blada ya mpira wa baiskeli, nami nikiitwa kushika upande mmoja, kwani miguu yangu haikuwa na haraka ya kwenda popote. Tulirusha tiara za gazeti na njiti za makuti, tukabandika kwa uji wa ngano. Pesa ikipatikana ilikwenda kwenye mabuyu mekundu yaliyotutia rangi mpaka masikioni, au muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu. Kwenda kuogelea baharini kulikatazwa, kwa hiyo tulikwenda kila siku. Tukirudi tulijikausha, tukajipaka vumbi, tukajifanya tumetoka kuchota maji. Mama Riziki alituita mmoja mmoja, "Mutua," nami nikaitika labeka, akanikwaruza paja kwa ukucha. Mstari mweupe wa chumvi ukitokea, hakuna tena maelezo. Leo kijana anamdanganya mzazi kwa simu mbili na namba ya siri, wakati sisi tulikamatwa kwa ukucha mmoja.

Na kulikuwa na misiba. Wenzangu wa rika langu watakumbuka vile Bofu ilivyobadilika mara tu habari ya kifo ilipotoka. Mtu amekufa alfajiri, saa mbili mikeka imeshatandikwa, saa nne maiti anaoshwa, na ikiisha swala ya adhuhuri jeneza liko mabegani. Hapakuwa na kungoja. Wanaume walipokezana, kila mmoja akitia bega hatua chache kisha mwingine akaingia, na jeneza likawa linakwenda mbio kana kwamba lina haraka yake. Baba, Mkristo wa kila Jumapili, alikuwa akisimama nje ya msikiti na viatu vyake vya kazi akingoja watu watoke, kisha naye akatia bega. Sisi watoto tulifuata nyuma mpaka tulipofukuzwa.

Maiti akiwa mwanamke, wanaume wa nje hawamwoni. Wanaoitwa chumbani ni mumewe, wanawe, nduguze, basi. Wanamtazama uso kwa mara ya mwisho, kisha unafunikwa. Mama Riziki hakujaliwa mtoto mwingine baada ya Riziki, na mumewe alikuwa amefariki mapema. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na tatu, tulitoka msibani nyumba ya tatu, akanishika bega njiani akaniambia, "Siku yangu, wewe utaitwa ndani. Usije ukasimama nje na wanaume wa watu." Niliona aibu, maana mvulana wa umri ule hapendi kuambiwa habari za kifo cha mamake. Nikamwambia sawa, mama, nikakimbia.

Baba alipostaafu tulihamia kwao Machakos. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mwanzoni nilirudi Likoni kila likizo, baadaye kila mwaka, baadaye kila nilipopata nafasi, na anayesema atakuja akipata nafasi mnamjua anavyokuja. Nikawa mwalimu, nikaoa, nikajenga. Mama Riziki nilimpigia simu sikukuu za Idi, akaniuliza watoto hawajambo, akaniuliza lini, nikamwambia karibuni, inshallah, mama. Neno hilo la mwisho nililiweka ili kumfurahisha, na alilipokea kama ahadi.

Riziki alinipigia simu Jumatano, jua halijatoka. Akasema, "Mutua, mama katutoka." Nililia palepale kitandani, mke wangu akaamka. Kisha nikauliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza, "Maziko mmepanga lini?"

Hakutaja siku. Nilidhani analia. Baadaye akasema, "Njoo." Nikamwambia nitafika, dada, jipe moyo. Kisha nikaoga, nikaenda shuleni kusimamia mtihani.

Najua mtakavyoniuliza, kwa sababu nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Mtu aliyezaliwa Bofu, aliyekimbia nyuma ya majeneza yale, anasahauje? Miaka thelathini na mitano nimezika kwa utaratibu wa huku. Nimemzika baba, nimemzika mama mzazi, nimezika wajomba na walimu wenzangu. Mtu akifa huku mwili unapelekwa mochari, jioni watu wanakutana kupanga, picha zinachapishwa kwenye kijitabu, hotuba zinaandikwa, na Jumamosi watu wanakuja na magari. Kichwa changu kilikuwa kimeshazoea kwamba maiti hungoja. Sikukaa nikafikiri, nikaamua vibaya. Sikufikiri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Simu ilifungiwa ofisini, maana mtihani hauruhusu simu chumbani. Nilipoifungua saa kumi nikakuta Riziki amepiga mara mbili. Nikampigia, hakushika. Nikamwandikia ujumbe kwamba Jumamosi kabla ya saa saba nitakuwa hapo. Hakujibu, nami nikasema moyoni ana wageni wengi. Jioni ile niliipeleka suti nyeusi kupigwa pasi. Alhamisi na Ijumaa baada ya kazi nikakaa mezani nikaandika kurasa mbili za kumsifu marehemu, kuzaliwa kwake, ukarimu wake, mahamri yake, nikazichapisha kwa herufi kubwa ili machozi yakinijia bado nione. Nilijivunia kurasa zile. Mke wangu alisema nimeandika vizuri kuliko nilivyomwandikia baba.

Niliondoka Jumamosi alfajiri, na kabla ya saa sita nilikuwa juu ya feri, suti mwilini, jasho mgongoni. Bofu sikuijua mara moja. Mahali tulipochezea bano pana ghorofa nne na duka la simu. Vijana waliokaa kwenye ngazi hawakuinua macho. Mmoja alinisemesha Kiswahili cha Nairobi, nami mtu wa kutoka bara nikaona uchungu kwa niaba ya pwani. Zamani ungepita mbele ya baraza ile bila kutoa salamu, habari ingefika kwenu kabla yako. Nyumba yetu bado ipo, imebanwa katikati kama mzee aliyekosa nafasi kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mahema, viti vya kukodi, kipaza sauti na magari yaliyoegeshwa hadi barabarani. Hapakuwa na kitu. Athumani, mume wa Riziki, alikuwa barazani peke yake akikunja mikeka.

Alinitazama suti, akanitazama uso. Akanikaribisha kwa heshima, shemeji karibu, kaa. Binti mmoja alileta chai ya rangi kwa kikombe na kisahani juu ya sinia dogo, akainama kunipa, na hapo nikahisi kitu hakiko sawa, maana nyumba ile sijawahi kuletewa kikombe barazani. Nilikuwa najichukulia jikoni. Nikangoja kuitwa ndani. Dakika zikapita. Mwishowe nikamsogelea Athumani nikamuuliza polepole mama amelazwa chumba gani.

Mkeka ulimponyoka. "Mutua," akasema, "mama tulimzika Jumatano. Jana tumeanua tanga."

Kila kitu kilinirudia kwa pamoja: mikeka ya saa mbili, maji ya saa nne, jeneza linalokwenda mbio, baba na viatu vyake vya kazi. Nilikuwa nayajua yote. Yalikuwa yangu kabla ya kusoma wala kuandika, na niliyaacha kama mtu anayesahau mwavuli.

Riziki alitoka ndani. Amekuwa na mvi, na amefanana na mama yake kiasi kwamba nilisimama. Hakunipa mkono. Alikaa ukingoni mwa baraza, akatazama barabarani badala ya kunitazama mimi, akaniambia taratibu kama anayemsimulia mtu mwingine.

"Tulimwosha saa nne. Adhuhuri ikaja, nikawaambia ngojeni, Mutua yuwaja. Wakataka kumfunika uso, nikasema bado mmoja. Shangazi akaja akaniambia wakati unakwenda, nikamwambia bado mmoja. Imamu akatuma mtu kuuliza, nikasema bado mmoja. Kila gari likisimama pale nje nilitoka mbio. Wallahi nimetoka mara sijui ngapi. Laasiri ikaadhiniwa. Nikamfunika mwenyewe."

Nikamwambia nilidhani ni Jumamosi.

"Jumamosi?" akasema, na ndipo akanigeukia. "Jumamosi ya nini?"

Nilijaribu kumweleza habari ya mochari na mikutano na vijitabu, nikajisikia nikiongea kama mgeni aliyeshuka jana. Sikumaliza. Akaniuliza ile karatasi mkononi ni ya nini, nikamwambia ni maneno niliyokusudia kuyasoma. Akaichukua, akavaa miwani, akasoma kurasa zote mbili kimya bila kuruka mstari. Alipofika mahali nilipoandika juu ya ukucha na chumvi alirudia mstari ule mara mbili. Kisha akaikunja ilivyokuwa, akanirudishia. Alisema yote ni kweli, na kwamba kama ningeyasema kwa simu siku ya Idi, mama angeyasikia.

Athumani alinipeleka makaburini. Ningekwenda mwenyewe nisingelijua kaburi, kwa kuwa hakuna jina lililoandikwa, ni tuta la udongo ambao bado haujabadilika rangi, kibao kichwani na kingine miguuni. Nilipiga magoti na suti yangu. Nilitaka kutia udongo mara tatu kama wengine walivyofanya Jumatano, lakini kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wenye haki zaidi yangu, na udongo nilioushika nikauweka tu juu ya udongo. Nilijaribu kuukumbuka uso wa mama. Niliouona ni wa mwanamke wa miaka thelathini anayepepeta mchele. Wa siku yake ya mwisho, ule ulioachwa wazi kwa ajili yangu kutoka saa nne hadi laasiri, siujui na sitaujua. Athumani alisimama mbali kidogo, akaniacha nilie mpaka nilipomaliza.

Kabla sijaondoka nilimwomba Riziki radhi. Nilimwambia anisamehe kwa niaba ya mama. Alikuwa akikosha vikombe uani, na alikosha viwili zaidi kabla ya kunijibu.

"Mama hana kinyongo nawe. Alikwenda zake alfajiri, hakungoja mtu. Niliyengoja ni mimi."

Nikasema basi nisamehe wewe. Akasema hilo litakuja, inshallah, nisimharakishe. Akajifuta mikono kwa leso, akanisindikiza hadi mlangoni, na pale akaongeza neno moja tu. "Siku utakayopigiwa simu yangu mimi, usiulize ni lini. Toka."

Nimerudi Machakos, na siku hizi nikisikia watu wa rika letu wakiwacheka vijana kwamba hawajui kitu mpaka simu iwakumbushe, nanyamaza. Enzi zetu habari ya kifo ilikuja kwa miguu. Baba aliwahi kuitwa kazini na mtoto aliyetumwa kuvuka feri, akaulizia geti hadi geti, na bado baba alifika kabla jeneza halijainuliwa. Mimi habari ilinifikia kitandani, na gari likiwa mlangoni. Tulikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa wakati, na mtu akiitwa aliweka chini alichokishika akaenda. Sasa tuna barabara nzuri na sababu nzuri za kuchelewa.

Jumatatu nilipoingia shuleni nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kwenda darasani. Nilimwambia nina dada yangu Likoni, na kwamba siku yoyote nikipigiwa simu kuhusu yeye nitatoka saa hiyohiyo, hata kama ni katikati ya mtihani, sitaandika barua wala sitaaga. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza huyo dada anaumwa nini.

Nikamwambia haumwi, ni mzima kabisa.